Uzoefu wangu: springi mpya mbele na shokapu mpya nyuma kwenye Honda Shadow 750

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi ndo mnalolitaka: ndio, inalipa. Kama una kruza (pikipiki kubwa ya kiti cha chini na miguu mbele) na unaishi huku kwetu Uganda, ile hela uliyopanga kuweka kwenye ekzosi ya kelele na mataa ya mapambo ipeleke kwanza kwenye springi za mbele na shokapu za nyuma. Ila usikimbilie kununua tu, kuna kitu cha kupima kabla na baada ya kufunga, na mi naona hicho kipimo kimenisaidia kuliko hata vyuma vyenyewe, nitakieleza huko chini.

Pikipiki yangu ni Honda Shadow 750, injini ya V silinda mbili, cc 745, ya shafti siyo cheni, ilikuja imetumika kutoka Japan ikapitia Mombasa. Nakaa Busia na shughuli zangu zinanipeleka Kampala mara kwa mara, ni kama kilomita 200 hivi kwenda, na anayeijua hiyo barabara anajua naongelea nini. Bugiri kushuka Iganga malori yamekanyaga lami mpaka imekuwa na mifereji miwili, ukiingia kwenye mfereji tairi la mbele linataka kwenda linakotaka lenyewe. Alafu kila kisenta (kijimji cha maduka barabarani) kina matuta, yale makubwa na yale madogo madogo yaliyopangwa mistari mistari kabla ya kubwa, hayo madogo ndo yanaua mgongo. Ukifika Kampala ndo usiseme, wote tunakumbuka Aprili 2023 watu walivyomwaga picha za mashimo mtandaoni, yale maonyesho aliyoyaanzisha mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo, na zile picha hazikuwa za kutia chumvi.

Sasa kwa nini kruza inateseka kuliko boda? Kwenye boda ukiona shimo unainuka kidogo kwenye vikanyagio, magoti yanapokea, mgongo unapona. Kwenye kruza miguu iko mbele, huwezi kuinuka, kila kitu kinakuja moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Na kiti kiko chini, ndo raha yake hiyo na ndo sababu tunaipenda, lakini kiti kikishuka lazima kuna kitu kimepunguzwa na mara nyingi ni nafasi ya gurudumu la nyuma kupanda na kushuka. Kwenye hii Shadow nyuma una kama milimita 89, mbele kama 117. Wenye Harley Iron 883 za kabla ya 2016 mna hali ngumu zaidi, nyuma ni kama milimita 41 tu, na Harley wenyewe walikuja kubadilisha shokapu mwaka huo.

Kwa hiyo nafasi ni ndogo tayari. Mi nina kilo 96, mke wangu ni mtu wa Jinja na tukienda kwao hatuendi mikono mitupu. Springi za kiwandani zimewekwa kwa mtu wa kawaida kwenye barabara nzuri, tena zangu zilishachoka kwa umri. Tukikaa wawili na mabegi nyuma ilikuwa imeshazama karibu yote kabla hata hatujatoka getini, ikibaki nafasi ya vidole viwili hivi, sasa tuta la kwanza tu, paa! chuma kwa chuma. Watu wakisikia hivyo wanasema shokapu ni ngumu, zinahitaji kulainishwa. Hapana. Zilikuwa laini mno kwa uzito wetu ndo maana zilikuwa zinafika mwisho, na mwisho wa shokapu hakuna kitu kigumu kuliko hapo. Hili naomba lieleweke vizuri maana ndo linawafanya watu wanunue kitu kisicho chao: springi ngumu inayokufaa itakubeba kwa ulaini kuliko springi laini iliyolala chini.

Usiku ilikuwa mbaya zaidi, nyuma ikizama taa ya mbele inaangalia miti, madereva wa malori wananiwashia full njia nzima wakidhani nawafanyia makusudi.

Nilichochagua ni Hagon wa Uingereza. Mwanzilishi, Alf Hagon, alikuwa mtu wa mbio za pikipiki kabla ya kutengeneza shokapu, lakini kilichonivuta siyo historia, ni kwamba wanaunda shokapu kwa kufuata uzito wako. Unawaambia kilo zako, za abiria wako, unabeba mzigo au hubebi, wanaweka springi inayolingana. Kwa shokapu za duka la sipea unapewa za pikipiki ya aina yako basi, hakuna anayekuuliza una kilo ngapi. Nikachukua shokapu mbili za nyuma za urefu uleule wa zamani, na springi mbili za mbele za aina ile ambayo mizunguko imekaribiana upande mmoja na kuachana upande mwingine, yaani zinaanza laini zinaendelea kukaza kadiri zinavyobanwa. Binamu yangu aliyeko London akazipokea kwake akaja nazo kwenye begi alipokuja likizo, bila hivyo usafiri na ushuru ungeweza kula hela nyingine ya maana.

Kufunga nyuma ni kazi nyepesi. Jeki chini ya fremu, unatoa shokapu moja unafunga mpya, ndo unahamia upande wa pili, ukitoa zote mbili kwa pamoja gurudumu linashuka na unaanza kusumbuka kulinganisha matundu. Muda wa kunywa chai mmemaliza.

Mbele ndo kuna kazi. Nina fundi wangu hapa Busia, kijana mwenye mkono mtulivu, tukafanya wote. Kwanza unalegeza boliti za ile kleme ya juu (kibano kinachoshika foku, yale mabomba mawili yanayobeba gurudumu la mbele) ndo unalegeza kifuniko cha foku ikiwa bado imeshikwa na kleme ya chini, ukisahau mpangilio huo kifuniko hakifunguki ng'o na utaharibu nati. Na mwisho mwisho bonyeza kwa kiganja maana springi iko chini inasukuma, mtu anaweza kupoteza jicho hapo. Tulipomwaga oili, banange, sijawahi kuona. Ya kijivu, juu maji maji chini tope, ukiinamisha kopo juani unaona chembe za chuma zinang'aa ndani, na harufu ya samaki wa juzi. Hiyo oili ndo ilikuwa inatakiwa kuzuia springi isirukeruke! Fundi akainua springi ya zamani na mpya, moja kila mkono, akazibonyeza chini kwa uzito wake, akaniangalia.

"Mzee, hizi ni ngumu kuliko za mwanzo, mgongo wako utaweza?"

Nikamwambia tufunge, tutapima, namba zitasema.

Oili weka ya foku kweli, mi nilitumia 10W (hicho ni kipimo cha uzito wa oili) kama Honda wanavyotaka, siyo ya injini iliyobaki kwenye kopo. Na usijaze kwa kukisia wala kwa kusema nusu lita kila upande. Springi ikiwa nje, foku imebanwa mpaka mwisho, unapima kutoka ukingo wa juu wa bomba mpaka uso wa oili, na pande zote mbili lazima zilingane. Kabla ya kupima pampu pampu juu chini mpaka hewa itoke yote, utaisikia inaacha kugugumia. Ile nafasi ya hewa inayobaki juu nayo inafanya kazi ya springi, oili ikizidi nafasi inakuwa ndogo na foku inakakamaa mwishoni. Sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje, tulibadilisha palepale, kuifungua foku yote alafu ukaacha sili kuukuu ni kujitafutia safari ya pili kwa fundi.

Haya, kipimo chenyewe. Chukua ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, ifunge kwenye bomba linalong'aa la foku, siyo kwa nguvu sana. Inua mbele mpaka gurudumu liachie uzito, isogeze kamba mpaka iguse sili, ndo ushushe. Alafu mtu mmoja ashike pikipiki isianguke, wewe kaa na helmeti na koti na viatu vyako, miguu juu, alafu shuka taratibu, inueni mbele tena, mwingine apime kutoka sili mpaka ile kamba ilipobaki. Umbali huo ndo kiasi pikipiki inachozama ukikaa tu. Kinachotakiwa ni kama theluthi moja ya nafasi yote au pungufu kidogo, kwa hii yangu mbele ni milimita 35 mpaka 39, nyuma 25 mpaka 30. Kabla ya kubadilisha nilikuwa nazama 52 mbele. Baada ya springi mpya ikaja 41, nikakata pete mbili fupi za bomba gumu la maji, zinalingana kabisa, nikaweka juu ya kila springi, ikasimama 37. Nyuma nikiwa peke yangu 27. Fundi akasoma futi mwenyewe, akarudia kupima, akanyamaza, na sahivi kila mwenye pikipiki kubwa anayekuja gereji anamfungia ile kamba ya plastiki kwanza kabla ya kumwambia chochote.

Barabarani sasa. Tofauti ya kwanza niliyoiona ni breki. Zamani nikishika breki ya mbele pua inapiga mbizi, yaani unahisi pikipiki inakumwaga, sasa inashuka kidogo inatulia na tairi linang'ata lami. Kwenye ile mifereji ya malori bado unahisi mfereji upo, springi haiwezi kutengeneza barabara, ila pikipiki haiyumbi tena baada ya kutoka, inapanda inatulia mara moja. Mabira kwenye zile kona za msituni ndo nilipofurahi kweli, zamani katikati ya kona kukiwa na kiraka nyuma inacheza cheza mara mbili tatu kabla ya kukaa sawa na moyo unaenda mbio kwa sababu upande wa pili kuna basi linakuja, sasa inapita kiraka na kuendelea. Tukafika Namawojjolo mke wangu akashuka kununua kuku na gonja (ndizi za kuchoma), hakujinyoosha mgongo kama kawaida yake, akaniuliza kwani leo umepita wapi. Mimi nilichukulia hiyo kama sifa kubwa kuliko yoyote.

Ambayo hayajabadilika: yale matuta madogo ya mistari bado yanasumbua. Ndani ya foku za hii pikipiki kuna fimbo yenye vitundu ambavyo oili inapita, ukienda taratibu oili inapita vizuri, ukigonga kitu chenye ukingo mkali kwa kasi oili inataka kupita yote kwa mara moja haiwezi, foku inakakamaa. Springi haitibu hilo. Dawa yake ni vile vivalvu vya kuweka juu ya hiyo fimbo, Race Tech wa Marekani wanavitengeneza, ila lazima utoboe fimbo na hilo ni zoezi la siku nyingine. Na shimo la kina la Kampala ni shimo tu, milimita 89 haziongezeki kwa sababu umenunua shokapu nzuri.

Kitu kimoja nawaomba msifanye. Kuna watu wanachomelea masikio (vyuma vya kushikia shokapu) au kuweka shokapu ndefu za pikipiki nyingine ili nyuma iinuke. Ukiinua nyuma bila mbele unabadilisha pembe ya foku, usukani unakuwa mwepesi wa kucheza kwenye kasi, na pikipiki ya robo tani ikianza kutikisa usukani hapo Lugazi katikati ya malori ya miwa hakuna wa kukusaidia. Urefu uache wa kiwandani, badilisha nguvu ya springi. Na mkiwa na bajeti ya upande mmoja tu, subirini mpate ya pande zote, maana nyuma ikiwa imara na mbele bado imechoka unakuwa umehamisha uzito kwenda kwa mgonjwa.

Gharama yangu yote, shokapu, springi, oili, sili na fundi, ilikaribia milioni mbili za Uganda. Si hela ndogo. Ni bei ambayo ningeitoa tena kesho asubuhi.

Mpangilio wangu sasa kwa wenye uzito kama wangu: zile pete za kukazia chini ya springi za nyuma, nikiwa peke yangu naacha karibu na mwanzo, tukiwa wawili na mizigo nakaza mpaka karibu na mwisho, pande zote sawa sawa, na spana yake ya ndoano inakaa chini ya kiti muda wote. Baada ya vumbi au mvua napangusa mabomba ya foku kwa kitambaa laini kabla tope halijakauka, maana likikauka ndo linakata sili.