GreatSchools kwa anayehamia Silver Spring: namba ya juu ya ukurasa si ya kuiamini, zilizo chini yake ndizo za kusoma

Fungua tangazo lolote la nyumba kwenye Zillow, Redfin au Realtor.com, shuka chini ya picha za jikoni na makadirio ya mkopo, utakuta majina ya shule: ya msingi, ya kati na ya sekondari, kila moja na alama kati ya 1 na 10. Alama hizo hazitoki serikalini. Zinatoka GreatSchools, shirika lisilo la faida lililoanzishwa California mwaka 1998, ambalo linayapa makampuni ya nyumba leseni ya kuzionyesha. Kwa Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaotafuta pa kuishi kando ya Washington, mara nyingi alama hiyo ndiyo inayochagua mtaa kabla hata ya kodi ya pango kujadiliwa.

Huduma hii tunaipima kwa Silver Spring, Maryland, na maeneo ya jirani kama Long Branch na Wheaton, kwa sababu hapo ndipo udhaifu wake unapojianika. Reli ya Purple Line, kilomita 26 na vituo 21 kutoka Bethesda hadi New Carrollton, imekuwa ikijengwa tangu 2017. Inapita katikati ya mitaa ya wapangaji wahamiaji. Vituo havijaanza hata kupokea abiria, lakini madalali wanavitaja kwenye matangazo kama mali iliyokwisha kukamilika. Bei zikipanda watu hubadilika, na watu wakibadilika alama ya shule hubadilika nao, hata kama mwalimu ni yuleyule na ubao ni uleule.

Alama inatengenezwaje? GreatSchools huchukua matokeo ya mitihani ya jimbo. Kwa Maryland huo ni MCAP, ambao watoto wa darasa la 3 hadi la 8 hufanya wa Kiingereza na wa Hesabu. Kisha shule hupangwa dhidi ya shule nyingine za jimbo hilohilo. Kwa hiyo 7 ya Maryland si 7 ya Texas wala ya Minnesota, na anayehama kutoka Dallas akalinganisha alama hizo mbili analinganisha vitu visivyofanana. Juu ya mitihani huongezwa kipimo cha maendeleo ya mwanafunzi, na kwa sekondari maandalizi ya chuo. Uzito wa kila kipimo hutegemea data zilizopo, ndiyo maana shule mbili zenye 6 zinaweza kuwa zimefika hapo kwa njia mbili tofauti kabisa. Mwaka 2020 shirika lilirekebisha hesabu na kuyapa maendeleo uzito mkubwa zaidi, baada ya kulaumiwa kwa muda mrefu kwamba alama zake zilikuwa zikipima kipato cha wazazi. Marekebisho yale yalikuwa ya haki, ila hayakutosha.

Piga hesabu hii ya mfano. Shule ina watoto 100. Wa familia za kipato kidogo wanafaulu kwa asilimia 25, wa familia zenye nacho kwa asilimia 70. Wakiwa 70 wa kundi la kwanza na 30 la pili, ufaulu wa shule ni asilimia 38.5. Mtaa ukipanda bei na idadi hizo zikageuka, ufaulu unakuwa 56.5. Umeruka pointi 18 na hakuna mtoto hata mmoja aliyefundishwa vizuri zaidi. Alama ya mtihani kwenye GreatSchools itapanda, dalali ataandika kwamba shule inaimarika, na mzazi wa kipato kidogo atakayebana matumizi ili ahamie hapo atakuta mtoto wake yuko kwenye kundi lile la asilimia 25.

Kinyume chake pia hutokea, na hapo ndipo penye nafuu kwa mwenye jicho. Shule inayopokea watoto wengi wanaojifunza Kiingereza hubaki na alama ya jumla ya 3 au 4 juu ya ukurasa, ilhali kipimo chake cha maendeleo ni 7 au 8. Maana yake watoto wanaingia wakiwa nyuma na wanasukumwa mbele haraka. Kwa mtoto aliyetoka Bukavu au Mombasa mwaka huu, shule kama hiyo ni bora kuliko yenye 8 juu na 4 ya maendeleo. Zillow haikuonyeshi hilo, lazima ubofye jina la shule uingie kwenye tovuti ya GreatSchools yenyewe.

Ukiingia, anza na sehemu iliyoandikwa Student Progress. Angalia kichwa chake kwa makini: kikisomeka Academic Progress, jimbo halikutoa data za mtoto mmojammoja na unachosoma ni makadirio, upunguze imani yako hapo. Halafu teremka hadi kwenye matokeo ya wanafunzi wa kipato kidogo, uyalinganishe na ya kundi hilohilo katika shule nyingine mbili tatu za jirani. Ulinganisho huo ndio wenye faida kuliko yote kwenye tovuti nzima. Mwishowe fungua Maryland Report Card ya jimbo, inayotoa nyota 1 hadi 5, uone kama picha inakubaliana. Zikipingana sana, tazama mwaka wa data. Mitihani hufanywa majira ya kuchipua, matokeo hutoka miezi kadhaa baadaye, na GreatSchools huyaweka baada ya hapo. Kwa mtaa unaobadilika haraka unasoma habari za watoto ambao baadhi wameshahama.

Kuna mtego katika mstari huo wa kipato kidogo. Maryland haichapishi matokeo ya kundi lenye watoto chini ya 10. Mtaa ukipanda bei, kundi hupungua hadi mstari unafutika, na shule inaonekana safi haina pengo lolote. Mtego mwingine ni chakula. Tangu Oktoba 2023 shule inaweza kulisha watoto wote bure ikiwa asilimia 25 wametambuliwa moja kwa moja kupitia misaada ya serikali; zamani kiwango kilikuwa 40. Ni jambo jema, lakini shule ikishaingia kwenye mpango huo wazazi hawajazi tena fomu ya chakula, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika kuhesabu wenye kipato kidogo, na wahamiaji wasiopokea misaada wanaweza kukosekana kwenye hesabu. Kipato kwenye chati kinapanda juu ya makaratasi tu.

Sekondari zina shida yake. Montgomery Blair ni shule ya wanafunzi zaidi ya 3,000, na ndani yake kuna programu ya magnet ya hisabati, sayansi na kompyuta inayochukua takriban 100 kwa kila mwaka, kwa mchujo mkali, wengi wakitoka nje ya mtaa. Alama moja inawachanganya hao na mtoto wa kawaida wa Long Branch. Ukitaka kujua Blair itamfaa vipi mwanao, uliza masomo atakayopangiwa darasa la 9, hasa kama ataanza Algebra au Geometry, iliyo hatua moja mbele. Hilo halimo kwenye GreatSchools. Sligo Creek, shule ya msingi, nayo ina programu ya Kifaransa ambayo watoto huingia kwa bahati nasibu ya wilaya ya shule, si kwa kuishi karibu. Wazazi wengi wa Kikongo hawaijui, na ni hasara.

Upande wa anwani huduma hii tunaipa alama ya chini kabisa. "Silver Spring" kwenye bahasha ni eneo pana mno, na msimbo wa posta 20903 unavuka mpaka wa kaunti: nyumba mbili zenye msimbo mmoja zinaweza kuwa Montgomery na Prince George's, wilaya mbili za shule tofauti. Mipaka ya shule nayo inasogea. Sekondari ya Northwood ilihamishiwa mwaka 2024 kwenye jengo la sekondari ya Woodward wakati jengo lake likijengwa upya, na majengo mapya huleta mgawanyo mpya wa mitaa. Ingiza namba ya nyumba na jina la mtaa kwenye ukurasa wa wilaya wa kutafuta shule, kisha piga simu uulize kama kuna mabadiliko ya mipaka yanayojadiliwa. Usipoelewana nao kwa Kiingereza omba mkalimani wa Kiswahili. Sheria ya shirikisho inaitaka shule iwasiliane nawe kwa lugha unayoielewa, tena bila malipo.

Maoni ya wazazi chini ya ukurasa yapite haraka. Mengi ni ya miaka mingi nyuma, na aliyekasirika huandika kuliko aliyeridhika.

Kwa jumla tunaipa nyota mbili na nusu kati ya tano: tatu na nusu kwa kurasa za ndani, ambazo ni bure na zimepangwa vizuri, moja na nusu kwa alama ya jumla inayosambazwa kwenye matangazo. Kinachokosekana kabisa ni gharama ya kubaki, na mtoto hafaidi shule akihamishwa katikati ya mwaka kwa sababu ya pango. Hilo ulishughulikie mwenyewe. Tangu Julai 2024 Kaunti ya Montgomery imeweka ukomo wa kupandisha pango: mfumuko wa bei kuongeza asilimia 3, na usizidi asilimia 6 kwa mwaka. Majengo yenye umri chini ya miaka 23 hayamo. Ghorofa jipya linalong'aa kando ya kituo cha Purple Line na jengo la matofali la zamani mtaa wa nyuma yanaweza kupeleka watoto shule ileile, lakini la zamani ndilo lenye kinga. Uliza mwaka wa ujenzi kabla ya kusaini. Ukinunua, jimbo hutathmini nyumba upya kila baada ya miaka 3. Jaza fomu ya Homestead, mara moja tu, ili thamani inayotozwa kodi ya kaunti isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.