Nililipia futi 2,000, nikaachiwa njiani

Nianze na yule mzee wa mezani, maana ndiye aliyenichefua. Nimeshuka tu kwenye glaida, ile ndege isiyo na injini inayovutwa juu kwa kamba na ndege nyingine, miguu bado inatetemeka, namuuliza kwa adabu kuhusu futi zangu zilizobaki. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mama, si umepaa? Sasa unataka nini?" Wenzake wakacheka.

Nataka nilicholipia! Pale bei ya kuvutwa inakwenda na kimo, na mimi nilituma pesa ya futi 2,000 zote kabla hata sijaonyeshwa ndege.

Kuvutwa kwenyewe, wacha niseme ukweli, ni raha tupu. Kijana anashika ncha ya bawa, anakimbia nalo, kamba inakazika, na glaida inainuka hata kabla ya ndege inayoivuta kuacha ardhi. Kamba ni kama mita 60, unaiona yote mbele yako, na Vilima vya Ngong kule pembeni. Nilisahau hata gharama. Mara ndege ya mbele ikaanza kuyumbisha mabawa, kushoto kulia, kushoto kulia. Rubani wangu hakuuliza. Akavuta kishikio cha manjano, pa! Kamba ikaenda zake. Kwa hesabu yake hatukuwa tumefika hata futi 1,200 juu ya uwanja. Tukazunguka tukitafuta hewa inayopanda, wapi! Tukatua.

Akanieleza baadaye: mabawa yakiyumbishwa vile, unaachia papo hapo, maswali ni chini. Injini ya mwenzake wa ndege ya mbele ilikuwa imepata joto kupita kiasi. Sawa, huyo simlaumu hata kidogo, na alitua vizuri ajabu. Lakini jamani, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi tayari, na jua la saa saba linaizidisha wepesi, injini inahema. Wao wanayajua hayo kuliko mimi. Mbona basi sisi wa zamu ya asubuhi tulisukumwa hadi mchana, mzee akinywa chai yake pole pole?

Nilikuwa nimeamua nyota moja. Rubani na kijana wa bawa ni wa tano, kwa hiyo tuseme tatu. La, nikikumbuka kile kicheko, ni moja, na hiyo ni kwa hisani. Ila siku mkisikia mzee ametolewa pale mezani, nishtueni. Nitakuwa uwanjani kabla ya saa mbili asubuhi, na futi zangu nitazidai.