Pampu ya kuoshea magari iliyovuja mara tatu: uzoefu wangu baada ya mwaka na miezi minne

Nina sehemu ndogo ya kuoshea magari na bodaboda huku Kigamboni. Mashine moja, vijana wawili, tanki la lita 3,000 na kisima ambacho maji yake yana chumvichumvi. Mashine yenyewe ni ya Kichina, mota ya kilowati 3 imefungwa moja kwa moja na pampu ya plunja tatu (vile vijiti vinavyosukuma maji), kichwa cha brasi. Kibao chake kinasema presha ya bar 100 na lita 13 kwa dakika. Jina lake siliandiki maana pampu za aina hii zinafanana kama mapacha, kinachobadilika ni stika. Naandika kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi pampu yake inadondosha maji na fundi ameshamwambia anunue nyingine.

Mimi niliambiwa hivyo mwezi wa saba tangu niinunue. Maji yalianza kuchuruzika chini ya pampu, kidogo tu, kufikia jioni kukawa na kidimbwi. Fundi wa mtaani akaja, akaitazama bila hata kushika spana, akamgeukia mdogo wangu wa kiume (mashine ni yangu, lakini sisi wanawake haya tumeshazoea): "Kaka, hii imekufa. Za Kichina hizi hazifunguliwi." Pampu mpya bila mota nilitajiwa shilingi 620,000. Nikagoma. Nikamwambia kama kuna sili (zile pete za kuzuia maji yasivuje) madukani basi kuna watu wanaozifungua. Akakubali kwa shingo upande, sili 35,000, ufundi 20,000. Ikakauka. Wiki tatu baadaye kidimbwi kikarudi palepale.

Safari hii nikaifungua kwenye mota, nikaitia kwenye kiroba, nikavuka nayo pantoni hadi Gerezani kwa mzee mmoja niliyeelekezwa. Kabla hajaifungua aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Binti, inavuja maji au inavuja oili?" Sikujua. Akanionyesha vitundu vidogo chini ya pampu, pale kichwa cha brasi kinapokutana na mwili wa aluminiamu. Vimewekwa makusudi, ili sili ikichoka kinachovuja kitoke nje kisiende ndani. Yakitoka maji hapo, sili za maji ndizo zimechoka. Ikitoka oili, ni sili za oili, upande wa ekseli inayozisukuma plunja. Siku hizi nikiwa na shaka napasua boksi la biskuti, naliweka chini ya pampu usiku kucha baada ya kuifuta ikakauka. Tone la maji linakauka na kuacha alama tu, la oili linatanda na kung'aa.

Pia kuna kile kioo cha kuangalia oili ubavuni. Yangu ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameshapenya kwenye oili. Hapo huna muda wa kusubiri mwisho wa mwezi. Oili iliyochanganyika na maji hailainishi chuma, na beringi zikishaondoka ndipo yule fundi wa kwanza anakuwa sahihi, pampu imekufa kweli.

Mzee alipotoa kichwa tukakuta mambo mawili. Sili moja kati ya tatu ilikuwa imewekwa kinyume. Sili hizi zina mdomo, na mdomo unatakiwa uelekee kwenye presha, yaani upande wa kichwa, ili maji yakisukuma yaufungue ubane zaidi. Ukigeuza, maji yanaukunja na kupita. Sili zenyewe zilikuwa ngumu kama plastiki ya ndoo. Ukizikunja kwa kidole hazirudi. La pili lilikuwa baya zaidi. Mzee alipitisha ukucha juu ya plunja moja moja. Zile nyeupe ni za kauri, zinatakiwa ziteleze kama kikombe cha udongo wa kichina. Kwenye ya kati ukucha ulikwama. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ukiutazama kwa haraka huuoni.

"Vijana wako wanaiacha inaunguruma bila kumwaga maji?" aliuliza.

Wanaiacha. Wakimaliza kulowesha gari wanaachia gani (ile bunduki ya kupulizia maji), mota inaendelea kuzunguka, wao wanapaka sabuni dakika kumi huku wanapiga stori za Simba na Yanga. Kumbe ukiachia gani pampu haipumziki. Ile reguleta, valvu inayotawala presha, inayarudisha maji upande wa kuingilia, yanazunguka hapohapo mpaka yanachemka. Kisha wakibonyeza gani, maji ya baridi kutoka tankini yanaingia ghafla kwenye kauri ya moto. Glasi ya moto ukiimwagia maji baridi inafanyaje? Tangu siku hiyo sheria ni dakika mbili: ukiona utazidi, zima. Na ule mpira wa kurudisha nimeuelekeza tankini, maji yanapoa huko.

Gharama ya Gerezani: sili laini za seti kamili 85,000, plunja moja 25,000, ufundi 30,000, oili nilinunua pembeni. Bado hata robo ya bei ya pampu mpya haijafika. Nilirudi na pantoni nikiwa najisifu moyoni.

Wiki tano. Ikavuja tena, na sasa mshale wa geji ya presha ukawa unacheza kati ya 50 na 90 kama mtu mwenye homa, pampu inatoa mlio wa kokoto ndani ya kopo. Nilimpigia mzee simu nikiwa na hasira. Akaniacha nimalize, akasema: "Umepima maji yanayoingia? Chukua ndoo ya lita ishirini."

Hili jaribio ni la bure na ningelifanya siku ya kwanza ningekuwa nimeokoa fedha zote hizo. Unachomoa mpira unaoingiza maji kwenye pampu, unauweka kwenye ndoo, unahesabu kwa simu. Kwa pampu inayotaka lita 13 kwa dakika, ndoo ya lita 20 inatakiwa ijae kwa kama dakika moja na nusu, na ikijaa mapema zaidi ndiyo salama zaidi. Yangu ilijaa kwa dakika mbili na sekunde arobaini. Yaani nilikuwa naipa lita saba na nusu wakati inadai kumi na tatu. Pampu iliyo na njaa namna hiyo inatengeneza mapovu ya mvuke ndani ya maji, na yakipasuka yanatafuna brasi na sili kwa pamoja. Ule mlio wa kokoto ndio huo.

Sababu ilikuwa ya aibu: mpira wa bustani wa nusu inchi, umepinda mahali pawili, na chujio lililojaa mchanga wa kisima. Nikanunua mpira wa inchi moja wenye nyuzi ndani usiojikunja, vibano vipya, chujio la kufungua na kuosha, na nikahamisha tundu la kutolea maji tankini likapanda juu kidogo, mchanga ubaki chini. Ndoo sasa inajaa kwa sekunde 55.

Sili zikabadilishwa mara ya tatu, na safari hii nilifunga mwenyewe huku mzee akiniangalia kwa video. Presha ikapanda, lakini mshale uliendelea kucheza kidogo. Zimebaki valvu, akasema. Ziko sita, tatu za kuvuta na tatu za kusukuma, kila moja chini ya kifuniko chake. Nikafungua moja baada ya nyingine na kuziosha. Ya tano nikakuta kipande cha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, hakizidi ukucha wa kidole kidogo, kimelala kwenye kiti cha valvu. Fundi wa kwanza aliizungusha tepu mpaka mdomoni mwa nati, ikakatika, ikaogelea hadi humo. Nilipokitoa mshale ukasimama 100 pasipo kutikisika.

Ukitaka kufungua mwenyewe: chomoa waya ukutani kwanza, halafu bonyeza gani mpaka presha yote iishe. Na usizibe tundu linalovuja kwa kidole mashine ikiwa inafanya kazi. Maji ya presha hii yanachoma ngozi na kuingia ndani, hiyo ni ya hospitali hata kama kidonda ni kidogo. Piga picha kila hatua. Nenda dukani na sili kuukuu mkononi, usiende na jina la mashine, kwa sababu plunja ya milimita 18 na ya 20 zinakaa kwenye pampu zenye sura moja. Boliti za kichwa kaza kwa msalaba, raundi mbili.

Nyota zangu: pampu yenyewe nne kati ya tano, nimeipunguzia moja kwa sababu kitabu chake kimeandikwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, ingawa kuhusu oili kiko wazi: badilisha baada ya saa 50 za mwanzo, kisha kila saa 500. Sili za 35,000 hazipati hata moja. Mzee wa Gerezani tano, na soda.

Ni miezi saba sasa boksi la biskuti linaamka kavu. Gani nayo imeanza kuchuruzika kwenye kifyatulio, hiyo bado sijaifungua.