Sigara Mdomoni mwa Dubu: Uhakiki wa The Bear That Wasn't

Jumamosi mbili zilizopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa uchoraji hapa Nakuru filamu fupi ya katuni ya mwaka 1967 iitwayo The Bear That Wasn't, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe tulilolitundika ukutani. Wote wanamjua Tom na Jerry tangu utotoni, lakini hakuna aliyewahi kusikia kwamba MGM, kampuni iliyowatoa paka na panya hao, ilihitimisha kazi yake ya katuni fupi za sinema enzi zile kwa hadithi ya dubu asiyeaminiwa na mtu.

Kampuni hiyo ilikuwa imeivunja idara yake ya katuni mwaka 1957, baada ya wakubwa kutambua kwamba kuzirudisha katuni za zamani kwenye majumba ya sinema kuliingiza karibu fedha zile zile zilizopatikana kwa katuni mpya. William Hanna na Joseph Barbera, waundaji wa Tom na Jerry, wakahamia televisheni. Tom na Jerry wakapelekwa Prague, huko Chekoslovakia, kwa mwelekezi Gene Deitch, na kuanzia 1963 wakawa mikononi mwa Chuck Jones, ambaye ndiye mwelekezi wa filamu hii akishirikiana na mchoraji wa mandhari Maurice Noble. Wanaozungumzia miaka hiyo ya machweo huitaja The Dot and the Line ya 1965, iliyoshinda tuzo ya Oscar, na hii wanaipita bila hata kuitazama. Naona wanaikosea haki, ingawa nina malalamiko yangu nayo.

Kisa chenyewe kilitoka katika kitabu alichokiandika na kukichora Frank Tashlin, mwelekezi wa filamu, mwaka 1946. Dubu anaingia pangoni kulala usingizi wa majira ya baridi, na akiwa amelala watu wanakuja na kujenga kiwanda juu ya pango lake. Anapoamka anajikuta katikati ya mitambo, na nyapara anamfokea arudi kazini. Dubu anaeleza kwamba yeye ni dubu. Anajibiwa kwamba ni mtu mjinga tu, anayehitaji kunyolewa na aliyevaa koti la manyoya. Anapelekwa kwa meneja, kwa makamu mmoja wa rais wa kampuni baada ya mwingine, hadi kwa rais mwenyewe, na jibu halibadiliki. Hata dubu wa bustani ya wanyama wanamkana, kwa hoja kwamba angekuwa dubu angekuwa kizuizini pamoja nao. Mwishowe anashika mashine na kufanya kazi kama wengine.

Uzuri mkubwa wa filamu uko katika mandhari. Noble hakuchora kiwanda cha kweli. Alichora maumbo na rangi zinazomfanya mtazamaji ahisi uzito wa kiwanda kabla ya kutambua kipi ni bomba na kipi ni ukuta, na katikati ya hayo yote mwili wa dubu, mnene na wa mviringo, hauna pa kukaa. Nilisimamisha picha mara tatu ili wanafunzi wainakili kwa penseli, na kila mara walishangaa jinsi mistari ilivyokuwa michache. Bajeti ndogo huonekana mara moja mchoraji anapojaribu kuificha. Hapa uchache huo umefanywa kuwa lugha ya filamu yenyewe.

Kasoro kubwa ni sigara. Jones alimtia dubu sigara mdomoni, na Tashlin alilalamika waziwazi kuhusu jambo hilo. Nakubaliana naye kabisa. Nguvu yote ya kisa inategemea sisi watazamaji kujua bila shaka yoyote kwamba huyu ni dubu, ili kila afisa anayemkana azidi kutuudhi. Dubu anayevuta sigara amekwisha kuwa nusu mtu, na nyapara anapata sehemu ya haki asiyostahili. Msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu aliliona hilo kabla sijalitaja. Aliniuliza, "Mwalimu, sasa hao mabosi wamekosea wapi, na yeye anavuta kama mtu?" Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Kasoro ya pili ni kelele. Maneno yale ya kumkana yanarudiwa juu ya muziki usiopumzika, ilhali pale dubu anapoanza kuamini alichoambiwa, ambapo ndipo kiini cha kisa, panapitwa haraka. Kitabuni msomaji anaweza kukaa na ukurasa mmoja kadiri apendavyo. Filamu ilipaswa kutupa nafasi hiyo, hata kwa sekunde tano tu za uso wa dubu kando ya mashine.

Hata hivyo, majira ya baridi yanaporudi na dubu kuliendea pango lake tena, chumba kizima kilinyamaza. Mvulana ambaye mama yake hufungasha maua katika shamba moja karibu na Naivasha aliomba turudie sehemu ile, nasi tukairudia. Ningeipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ina urefu wa kama dakika kumi, na mwalimu wa uchoraji atakayeionyesha atenge saa nzima, kwa sababu picha za Noble zinahitaji kusimamishwa na kuchunguzwa moja moja.