Ruzuku ya Kaya Maskini Mikindani: Tathmini ya Huduma kwa Mawakala Wawili

Kwa miaka miwili sasa ninamsindikiza bibi yangu kuchukua ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ambayo huingia kwenye simu yake na ambayo tunakwenda kuitoa kwa wakala hapa Mikindani, Mtwara. Ninaziandikia familia zenye mlengwa mzee nyumbani, kwa sababu ruzuku yenyewe ni njema, ila mzee anaweza kunyanyasika hatua chache kabla ya kuishika.

Wakala wa kwanza, ambaye sitamtaja, alikuwa akifungua saa nne, na kabla ya adhuhuri fedha taslimu zilikuwa zimemwishia. Hakuwa na benchi, hivyo wazee walikaa chini juani. Mara mbili alimkata bibi shilingi 1,000 juu ya ada halali, akisema ni ya usumbufu. Laini ya simu ilipopotea, tukaenda kuirudisha mahali pengine, mashine ya alama za vidole ikakataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, ikakataa vyote kumi. Bibi akamfunulia kijana aliyekuwa akituhudumia viganja vyake, akamwambia, "Mwanangu, vidole hivi vimeliwa na mafuta ya korosho."

Alikuwa mbanguaji wa korosho. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho huku kusini, lakini vingi vilifungwa, vingine vikageuzwa maghala, na hadi leo sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Ndiyo maana ninaumia ninaposikia wapita njia wakisema kwamba waliopo kwenye foleni wamezoea vya bure. Maneno hayohayo wameambiwa watu wa miji ya makaa ya mawe ya Uingereza, ambako migodi ilifungwa kwa wingi baada ya mgomo wa 1984 hadi 1985, na wanaume wengi waliokosa kazi wakaishia kwenye malipo ya ugonjwa na ulemavu. Huko pia utaratibu una maumivu yake: anayeomba Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo, kwa kawaida husubiri wiki tano kabla ya malipo ya kwanza. Kazi iliondoka kwanza, foleni ikafuata.

Kuhusu matumizi, nitasema nililoliona. Kwa malipo yaliyopita bibi alinunua mitetea watatu, akaweka hisa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, na kilichobaki kikawa unga na madaftari ya wajukuu, ambao wanatakiwa kuhudhuria shule angalau kwa asilimia 80. Mama mdogo naye alishiriki ajira za muda za mpango huo, zenye siku 60 kwa mwaka, na malalamiko yake pekee yalikuwa kwamba siku hizo zilikwisha upesi.

Sasa tunamtumia wakala wa pili, mama mmoja wa karibu na stendi, na kwake sina la kulalamikia. Hufungua saa moja, ana benchi lenye kivuli, huhesabu noti kwa sauti mbele ya mzee, kisha humwandikia kiasi kwenye karatasi ili akifika nyumbani kijulikane. Malipo yajayo yakiingia, nendeni kwake asubuhi, na namba ya siri aibonyeze mzee mwenyewe, hata akichukua muda.