Garaji ya rulema za jipu hapa Goma: kazi wanajua, uvumilivu uende nao wako

Wenye muko na Land Cruiser ya zamani hapa Goma munajua ginsi rulema za mapine ya mbele (beringi, zile zinafanya pine izunguke) zinateseka. Mawe ya volkano kila kona, ile vumbi nyeusi inaingia fasi yote, na mvua ikianguka unavuka maji ku barabara ya Sake moye (ile sehemu ya katikati yenye pine inafungwa) zingali za moto, zinapoa gafla na zinavuta maji ndani kupitia spi (sili ya kuzuia maji na grese), halafu grese inaharibika pole pole bila wewe kujua. Sasa kuna garaji moja ya kartie ya Katindo, haina hata kibao, geti ya mabati tu, nilipeleka jipu yangu pale juu ilikuwa inaunguruma mbele, nikikata kona ya kushoto sauti inapanda, nikikata ya kulia inashuka. Hiyo peke yake inakuambia ni upande wa kulia, juu ukikata kushoto uzito wote unalalia kulia.

Kilichonipendeza ni vile walipima mbele ya kuomba pesa. Fundi munene, wote pale wanamuita Papa tu, alipandisha gari na kriki (jeki), akashika pine juu na chini akatikisa, inacheza kweli. Garaji zingine hapo hapo ungeambiwa rulema imekufa, leta dola. Yeye akaniambia "patron, panda, kanyaga freni", nikakanyaga, akatikisa tena, kucheza ikapungua lakini haikuisha. Ni hivi: freni ikishika disiki, moye haiwezi tena kucheza, kwa hiyo ile kucheza inabakia inatoka nyuma yake, kwenye rulema ndogo za pivo, ya juu na ya chini, zile zinabeba pine wakati unakata usukani. Ni kusema nilikuwa na mashida mbili, na kama wangebadilisha rulema za moye peke yake ningerudi na kelele ya usukani kutetemeka. Upande wa kushoto alizungusha pine na mkono mmoja, mwingine ameweka ku resori (springi), akasikiliza na vidole, akasema hii iko safi lakini tuifungue tu tubadilishe grese.

Kufungua ndio ilinionyesha niko fasi ya watu wa kazi. Wako na kle (spana) ya milimita 54 ya ile nati kubwa ya moye, yaani hawapigi na burin (tindo) na nyundo mupaka nati inakatika meno kama wengi wanavyofanya, ukiona nati yako iko na makovu ujue gari ilipita kwa hao. Ndani kuna rulema mbili za konik (za umbo la koni), kubwa ya ndani na ndogo ya nje, kila moja na kikombe chake kimepigwa ndani ya moye. Ya kwangu ya ndani vigurudumu vilikuwa vimegeuka rangi ya buluu, ni moto huo, na kikombe kina vishimo unasikia na kucha. Papa akanionyesha: rulema ilikuwa si ya siku nyingi, kikombe ni cha zamani kabisa! Kuna mutu mbele yake alibadilisha nusu akaacha nusu, juu kutoa kikombe ni kazi. Hivi viwili vinakulana pamoja, rulema mupya ku kikombe kizee haifiki mbali. Wao walitoa vyote, wakaingiza vipya na kipande cha shaba, si chuma, ili wasikwaruze.

Kukaza sasa. Anakaza kwa nguvu huku anazungusha moye ili vitu vikae, anaregeza, anakaza tena kidogo tu, kisha anachukua mizani ya kuvuta, ile ile ya kupimia samaki kule Kituku, anaifunga ku bulo (bolti) ya pine na kuvuta mupaka moye inaanza kuzunguka. Yangu ilianza kwenye kilo inne hivi. Nilicheka lakini ndio ginsi kitabu cha Toyota kinaomba, mizani ya kuvuta! Halafu rondela (washa) ya kufunga, nati ya pili, anakunja rondela, basi.

Mabaya iko. Grese yao inatoka ku ndoo haina etikete, mimi nilileta yangu ya litiamu namba 2 na niliwaambia wasafishe ya zamani yote, wasichanganye, wakanuna kidogo. Piese (spea) pia nunua mwenyewe, hapo pembeni wanakuletea boksi ya Koyo, marke ya rulema, ambayo maandishi iko na makosa na ku rulema yenyewe namba inafutika na kidole, yangu niliitoa ku duka ya mutu ninamufahamu. Mkono wa fundi ni dola 70 pande mbili na pivo ndani, si bei ya chini lakini kazi inaonekana. Ila wanachelewa sana, waliniambia saa nane, nikatoka giza imeingia.

Nilirudi kisha kilomita kama 500 wakaguse tena, walipandisha, wakakaza kidogo upande wa kulia, hawakuomba kitu. Jumamosi musiende, jipu za mashirika zinapita mbele yenu hata kama mulifika wa kwanza.