Klabu ya baiskeli Kisumu: walinialika kujaribu, nikaanguka, kapteni akakimbilia rimu

Mchezo wenyewe sina neno nao. Neno ninalo na kapteni, na leo nitalisema lote, kwa sababu nimelibeba tumboni tangu mvua zile za mwisho na limeanza kuchacha.

Klabu siitaji. Wanaofuatilia mambo ya baiskeli hapa Kisumu wataijua kabla sijamaliza, na wasioijua hawajapoteza kitu. Au wamepoteza. Bado sijaamua.

Tangazo lao lilizunguka kwenye simu zetu karibu wiki nzima: njooni mjaribu mbio za kiwanjani, wote karibuni, hata kama hujawahi, baiskeli zipo, kofia zipo, kukodi shilingi 300 tu, akina mama hasa wajitokeze. Hilo "hasa" ndilo lililonitoa nyumbani. Mimi nauza mitumba soko la Kibuye na baiskeli naijua. Alfajiri natoka Nyamasaria na blakmamba yangu, ile baiskeli nzito ya mizigo, mzigo umefungwa kwenye keria kwa mpira, malori ya kwenda Busia yananipulizia moshi, na sijawahi kuangusha hata soksi. Nikajiambia, kama wanawatafuta akina mama wanaojua kunyonga, si ndio mimi.

Ukisikia mbio za kiwanjani usidhani tuna ule uwanja wa kwenye televisheni, wa ndani ya jengo, sakafu ya mbao, mita 250, kona zimeinuka kama ukuta mpaka unashangaa mtu haporomoki. Huo hapa kwetu hakuna. Wao wanatumia kiwanja cha shule: nyasi zimefyekwa, duara la riadha la mita 400 limechorwa kwa chokaa, magoli katikati, ng'ombe wawili watatu pembeni. Wala si jambo la kuchekwa. Uingereza wanakimbiza baiskeli kwenye nyasi tangu enzi za mababu zao, na visiwa vya Karibi kama Trinidad na Barbados vilevile. Shida ya kwetu ni udongo. Huu udongo mweusi wa upande wa Kano ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kidole, kwa hiyo unadunda kuanzia mwanzo wa mzunguko mpaka mwisho. Na kona ni bapa, hakuna ukuta wa kukushika, unageuka kwa adabu la sivyo unaishia kwa wale ng'ombe.

Nilifika Jumamosi jioni, suruali, raba, nywele nimefunga. Kapteni ni kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, amevaa zile nguo za kubana, na miwani ya rangi hata jua lilipokuwa limeshaingia nyuma ya miti.

"Madam, umekuja kuangalia?"

"Nimekuja kuendesha."

Akanitazama kuanzia raba kwenda juu. "Lakini hizi si baiskeli za sokoni, madam."

Wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu mtu akiwa mgeni hucheka. Nikatoa 300, nikapewa kofia yenye jasho la mtu mwingine, nikapanda. Akanifunga miguu kwenye pedeli kwa mikanda, akashika kiti, akasema "haya, nenda", akanisukuma. Hayo ndiyo maelezo yote niliyopata. Nayarudia ili yeyote asiseme nimeficha kitu: haya, nenda.

Jamani, ile baiskeli. Mtu aliyezoea blakmamba akipanda kile kitu anahisi ameshushiwa mzigo wa miaka. Ukigusa pedeli, inaitika papo hapo. Upande ule ulionyooka nilipita nikisikia upepo masikioni, nikaona milima ya Riat kule mbali, nikasema kumbe hii ndiyo wanayoificha. Halafu nikafika kwenye kona karibu na goli, nikafanya anachofanya kila binadamu aliyewahi kupanda baiskeli: nikapumzisha miguu.

Baiskeli ya mbio hizi haina friwili. Haina breki pia. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli zinazunguka, upende usipende, na miguu yako iliyofungwa inazunguka nazo. Ukiiambia miguu isimame, gurudumu halijasikia. Lilinirusha. Nikapita juu ya usukani nikiwa na mguu mmoja bado kwenye mkanda, goti likachuna nyasi na kile kilichokuwa chini ya nyasi, kofia ikagonga udongo.

Nikiwa pale chini nikaona viatu vya kapteni vinakuja mbio. Nikanyoosha mkono. Viatu vikanipita.

Alikwenda kwa baiskeli. Akaichomoa mguuni mwangu, akainyanyua, akazungusha gurudumu la nyuma, akalitazama kwa jicho moja likipita kwenye fremu, akalizungusha tena. Mimi niko palepale, mkono hewani. Ndipo akageuka akasema, "Madam, umenivunjia spoki."

Kwetu mtu akianguka unasema pole. Hata mwizi aliyeshika kuku wako akijikwaa, pole inakutoka kabla hujamkamata. Huyu aliona damu, akaona mtu mzima anayeweza kuwa dada yake mkubwa amelala kwenye nyasi, na macho yakaenda kwenye rimu. Nimejaribu kumtetea. Najua vifaa vile havipatikani ovyo mjini, ukiharibu kitu unasubiri mtu wa kutoka Nairobi, na pengine ameshachomwa na wageni wa kujaribu mpaka roho imekuwa ngumu. Nimejiambia hayo yote usiku. Asubuhi nikiangalia goti, utetezi unaisha.

Aliyeniokoa ni msichana wa sekondari, mwanachama wao, sare ya michezo imepauka. Alikuja na chupa ya maji, akachuchumaa. "Pole sana anti. Hawakukwambia usiache kunyonga?" Nikamwambia sikuambiwa chochote. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshaona hayo. Akaniosha goti, akaenda kuniletea baiskeli nyingine bila kumwomba mtu ruhusa, na mafunzo niliyoyalipia nikayapata kutoka kwake.

Alinieleza hivi. Miguu haisimami, hata uchoke namna gani. Ukitaka kupunguza mwendo unazuia pedeli taratibu, unazikataa kidogo kidogo, hazibishani nawe ukiwa mpole. Ukimaliza mbio usisimame, zunguka mpaka mwendo ufe wenyewe, na mkanda unaulegeza kwa mkono ukiwa bado unatembea pole pole. Tunazunguka mkono wa kushoto, kwa hiyo kumpita mtu ni kwa kulia, upande wa nje, na kabla hujahama unageuza shingo uone aliye nyuma. Nikamuuliza, sasa mbona wasiweke breki watu wapone? Akacheka. "Anti, aliye mbele yako akiwa na breki akashika ghafla, wewe na mimi tunaingia kwake." Kwa hiyo hakuna mwenye nazo, na hakuna anayeweza kusimama ghafla. Nikaielewa palepale. Ndio hatari yake na ndio usalama wake.

Akashika kiti changu, akanisukuma, kisha akapanda yake akaja ubavuni kwangu. "Nyonga anti, nyonga, kona hiyo inakuja, nyonga!" Nikapita kona. Nikapita ya pili. Kuna kitu kinatokea mwilini ukishaikubali ile pedeli ikuendeshe nawe uiendeshe, sijui nikielezeje, lakini nilipiga vigelegele katikati ya kiwanja cha shule, mimi mama wa watoto wanaonionea haya nikiwapelekea chakula kwa baiskeli.

Baadaye wakaweka mbio za kutoa wa mwisho. Kila mzunguko, anayevuka chokaa akiwa nyuma ya wote anatolewa, mpaka wabaki wawili wapigane. Kwenye mashindano makubwa ya ndani wanatoa mtu kila mizunguko miwili kwa sababu uwanja ni mfupi. Kwenye 400 mmoja unatosha kabisa. Mgeni akitaka kuonja mchezo huu nampa hiyo, mbio nyingine asubiri. Huhitaji kuwa na kasi kuliko wote, unahitaji tu usiwe wa mwisho, na hilo mtu wa Kibuye analijua. Nilidhani nguvu zitanitosha. Kumbe kuna ujanja: ukijibana ndani kabisa kwenye chokaa unaona umepata njia fupi, mtu anakuja ubavuni kwako, mwingine yuko mbele, umefungwa, huna pa kutokea, na mstari unafika. Nilimwona jamaa mwenye mapaja ya fahali akitolewa hivyo na mtoto mwembamba. Mimi nilidumu kuliko nilivyotegemea, nikatoka nikiwa nimemeza wadudu wa ziwa wa kutosha kitoweo, maana jioni hiyo walikuwa wametanda kama wingu na mdomo sikuweza kuufunga kwa kuhema na kucheka.

Mngeniuliza saa ile, ningewapa nyota tano kasoro moja, hiyo moja ya goti.

Halafu narudisha kofia, kapteni ananyoosha kiganja. "Mia tano ya spoki."

Spoki. Mimi nanunua spoki, najua bei ya spoki. Nikamwambia kijana wangu, mia tano hiyo ni ya spoki au ya gurudumu? Akasema hizi si za blakmamba. Watu wanatazama, giza linaingia, yule msichana anaangalia chini. Nililipa. Lakini mimi ni mfanyabiashara, nikasema basi nipe hicho kipande, nimekinunua. Akanipa kwa dharau, hata hakuuliza cha nini.

Kesho yake Jumapili, Kibuye imefurika, nikampelekea fundi wangu wa baiskeli. Hakuhitaji miwani. Akanionyesha palipokatika, pale spoki inapopinda kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu: nusu ya mkato ilikuwa nyeusi kwa kutu, nusu nyingine inang'aa. Kutu haiingii kwa usiku mmoja. Hiyo nusu nyeusi ilikuwa imepasuka zamani, ikangoja. Ningekuwa nimekaa nyumbani, ingemkatikia mwingine, pengine akiwa kwenye kasi kubwa kuliko yangu.

Yaani nilitozwa mia tano kwa kitu kilichokuwa kibovu kabla sijazaliwa katika mchezo huo! Na waliniweka juu yake, miguu imefungwa, bila breki! Mtu anayejua kukimbilia rimu haraka hivyo angeikagua kabla sijapanda. Ile nyota nne naifuta. Naandika moja, na hiyo moja ni ya msichana.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kapteni huyo hamalizi sentensi bila kumtaja Chris Froome. Froome alizaliwa Nairobi, Froome alishinda Tour de France mara nne, Froome hivi, Froome vile. Kwanza sifa za Froome ni za barabarani, za kiwanjani tuwaachie wenyewe. Pili, huyo Froome naye aliwahi kuwa mgeni. Mama yake ndiye aliyempeleka kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli wa mbio wa hapa Kenya, pale Kikuyu angali mtoto, na Kinjah akampokea akamfundisha. Kama angepokelewa na kapteni wetu, angeambiwa hizi si baiskeli za sokoni, na leo pengine angekuwa anafanya kazi nyingine kabisa. Na hao akina mama wanaohimizwa "hasa", wajue kwamba tumeshachelewa vya kutosha: wanaume wamekimbiza baiskeli kiwanjani kwenye Olimpiki tangu 1896, wanawake wakafunguliwa mlango 1988 kule Seoul. Baada ya kusubiri kote huko mtu hataki kuitwa madam kwa sauti ile.

Sasa mtaniuliza, tuende tusiende?

Nendeni. Ndiyo, nimesema nyota moja, na bado nasema nendeni. Nilijiapiza sitarudi, kisha wiki iliyofuata nikajikuta kwenye barabara ya kwenda sokoni nazuia pedeli za blakmamba badala ya kushika breki, kujaribu tu, na inakera kwamba friwili inanikatalia. Mwili umeshaonja. Kwa hiyo nendeni, lakini msivae dera, cheni haina huruma na kitambaa. Kabla hujapanda, bana spoki mbilimbili kwa vidole, inayolegea mwonyeshe kapteni mbele ya mashahidi. Uliza mikanda inafunguliwaje. Na kapteni akikujia, mwambie unamsubiri yule dada wa shule.

Klabu nayo, kama kuna kiongozi mwenye masikio, mpokezi wa wageni awe huyo msichana, kapteni abaki na rimu zake, wanapendana.

Kile kipande cha spoki bado ninacho, kwenye kopo la vifungo pale kibandani, yeyote anayetaka kuona kutu aje aione. Jumamosi inayokuja nitakipeleka uwanjani. Kapteni, weka mia tano yangu tayari, na baiskeli, ile isiyo na ufa.